Farasi Aliyeota Meno

Mwanaima alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi aliposikia farasi anatafuna muhogo mbichi.

Alisimamisha mkono akasikiliza. Kru, kru, kru. Meno mazima, meno yenye kazi. Sasa, farasi wa nyumba ile alikuwa mmoja tu, Marjani, na Marjani hakuwa na meno ya kutafuna hata ndizi iliyoiva ikapita. Yaliyobaki kinywani mwake yalikuwa vigingi vya manjano vilivyolala upande. Miaka sasa alikuwa anaishi kwa uji wa pumba, na aliyekuwa akiukoroga uji wenyewe kila alfajiri, kabla hata ya kumtengea mumewe chai, ni huyo huyo Mwanaima. Ndiyo desturi aliyoikuta Kinondo alipoolewa. Harusi haijatimiza wiki, mavyaa wake, mamake mume, Bi Warda, alimwita pembeni akamwambia, "Mwanangu, humu ndani tunaanza na Marjani. Sisi wengine tuna mikono."

Mwanaima alijifuta nazi mikononi akaenda bandani. Alimkuta Marjani amesimama, kipande cha muhogo kinaning'inia mdomoni. Akamshika mdomo wa juu akaupandisha, kama alivyozoea kufanya akimsafisha. Ndani aliona safu ya meno meupe, madogo, yamebanana kama ya mtoto aliyetoka tu kuyabadilisha.

Aliuachia ule mdomo polepole. Akarudi uani, alikokuwa Bi Warda amekaa mkekani anasuka ukili.

"Mama, Marjani ameota meno."

"Mungu ni mkubwa," alisema Bi Warda, hakuinua macho.

"Mungu ni mkubwa, nakubali. Lakini yule farasi ana umri kunishinda mimi."

"Basi mwonee wivu. Wewe hujazoea?"

Neno hilo lilikuwa na mzizi wake, na majirani wote walikuwa wanaujua. Marehemu Mzee Boga, mumewe Bi Warda, aliachiwa Marjani na mzungu mmoja aliyekuwa akifuga farasi wa kupandwa na wageni kule Diani. Mzee Boga alikuwa mtunzaji wake. Mzungu alipofunga virago aliwauza farasi wengine, huyu jike mdogo akamwachia mtunzaji badala ya shukrani. Nassir, mtoto wa pekee wa nyumba ile na ndiye mumewe Mwanaima, alijifunza kutembea kwa kushika mkia wa Marjani. Alipokua akawa anampitisha ufukweni Galu, watoto wa wageni wanapandishwa, wanapigwa picha, na nyumba inakula. Mzee Boga alipofariki, Bi Warda aliyahamishia mazungumzo yake yote bandani. Kila alasiri alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamsimulia farasi habari za mji mzima, na za mkaza mwana wake akazisimulia kwa sauti ya kusikika.

Kwa hiyo Mwanaima alirudi kwenye nazi yake. Lakini alikuwa anajua lini mambo yalianza.

Juma moja kabla ya hapo, Marjani alikuwa amelala chini na hakuinuka. Shingo aliilaza mchangani, mbavu zinahesabika, jicho lake la kushoto jeupe kama yai. Nassir alimwita Elijah, daktari wa mifugo kutoka Ukunda, kijana wa bara mwenye pikipiki na maneno machache. Elijah alimpima, akamfunua kope, akasimama anakung'uta magoti.

"Mum, huyu si mgonjwa. Ni age tu. Kuna sindano naweza mdunga, alale tu hivyo, hata hatasikia kitu."

"Na mamako akizeeka, nitakuitia wewe na sindano yako?" Bi Warda alimuuliza.

"Pole mum. Mi nasema tu vile naona."

"Umeona. Sasa nenda."

Elijah alipoondoka, Bi Warda alimtuma Mwanaima dukani akanunue sukari, na sukari ilikuwepo. Akamtuma jua la utosi, saa ambayo watu wa pwani hawatoki bila sababu. Mwanaima aliporudi, harufu ilimpokea tangu mnazi wa mwisho. Haikuwa udi wa harusi wala ubani wa maulidi. Ilikuwa nzito, tamu kwa mbele na chungu kwa nyuma, kama mtu amechoma asumini pamoja na nywele. Chetezo kilikuwa kimefichwa nyuma ya ndoo, bado kina moto. Na Marjani alikuwa amesimama kwa miguu yake minne, shingoni amefungwa utambaa mwekundu uliochakaa.

"Kitambaa cha nini hicho, Mama?"

"Cha husuda," alijibu Bi Warda, akamtazama mkaza mwana wake mpaka akapita zake.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Na siku ile ya meno, mchana, Nassir alikuwa anakula mkate wa mayai, kitu laini kuliko godoro, mara akaacha kutafuna, akatia kidole mdomoni akatoa jino. Halikuwa na damu. Alilitazama, akacheka.

"Soda za wageni hizi."

Kesho yake yalitoka mengine, na keshokutwa hakucheka.

Mwanaima hakuwa mwanamke wa kushtuka upesi. Alikuwa amesomeshwa na maisha, na mwalimu huyo hapigi kwa upole. Lakini alianza kumtazama mume, kisha kumtazama farasi, kama mtu anayepima vitanga viwili vya mizani. Marjani miaka yote alikuwa anaburuta mguu wa mbele wa kushoto. Ijumaa asubuhi alitoka mbio bandani, akauzunguka uwanja mchanga unaruka, Bi Warda amesimama mlangoni anapiga makofi machozi yanamtoka. Ijumaa hiyo hiyo Nassir aliinuka kwenda msikitini, akapiga hatua mbili, akashika ukuta.

"Mguu umekufa ganzi," alisema.

"Upi?"

"Wa kushoto. Kwani?"

"Hapana. Nimeuliza tu."

Alasiri ya siku hiyo alikwenda kuanua nguo. Jua lilikuwa limeinamia upande wa bara, na kivuli cha Marjani kimelala kirefu juu ya ukuta wa chokaa wa nyumba, na Mwanaima, kanga mbili begani na vibanio mdomoni, alikitazama vile mtu anavyotazama kitu asichokitafuta, akaona shingo, akaona masikio, akaona mgongo, na juu ya mgongo akaona mtu ameketi, magoti yamepanda juu kupita ilivyo kawaida ya magoti, mabega membamba, kichwa kimeinama mbele kama anayemnong'oneza farasi sikioni, naye akageuka kumtazama farasi mwenyewe, akamwona amesimama peke yake, mgongo mtupu, hana hata tandiko, akageuka tena ukutani, na safari hii kile kichwa kilikuwa kimenyanyuka.

Vibanio vilimtoka mdomoni. Hakuviokota.

"Nassir," alimwambia mumewe ndani, kwa sauti ndogo, mlango ameufunga. "Nani anampanda Marjani siku hizi?"

"Hakuna. Mimi na mguu huu nitampanda vipi?"

"Hakuna, eh?"

"Mwanaima, wewe umechoka. Na huyo mnyama humpendi tangu zamani."

"Kumpenda nisimpende, mgongoni kwake kuna mtu."

Nassir alimgeuzia uso upande wa ukuta. Baadaye, maghrib ilipokwisha kuadhiniwa na taa haijawashwa, Bi Warda aligonga ndoo ya pumba kule bandani, kama anavyogonga kila siku kumwita Marjani ale. Nassir, aliyekuwa amesinzia, aliinua kichwa pale pale, masikio juu, pua zimetanuka, mate yanamchuruzika kwenye mto. Alipomwona mkewe anamtazama alijifuta akalala tena.

Alfajiri Nassir aliuliza, "Mbona hujafungua dirisha la huku?"

Dirisha la huku, la kushoto, lilikuwa wazi tangu adhana. Mwanaima aliishika taa, akaisogeza karibu na uso wa mumewe. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na utando mweupe, kama yai.

Alitoka, akavuka uwanja, akasimama mbele ya banda. Marjani alimgeuzia uso. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeusi, safi, linang'aa kwa umande, nalo halikumtazama kama anavyotazama mnyama, ambaye hutazama mikono yako kama ina chakula. Lilimtazama yeye, likamshuka kuanzia utosini mpaka nyayoni na kumpanda tena, polepole, kama mwanamume anayechagua mbuzi mnadani Taru.

Bi Warda alikuwa jikoni anapuliza moto. Mwanaima aliingia, akaketi karibu naye goti kwa goti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama. Kile kitambaa ni cha nani?"

"Nilikwambia."

"Nassir haoni jicho la kushoto."

Bi Warda aliacha kupuliza. Moshi ukamjaa usoni naye hakujikinga.

"Jicho la kushoto," alisema.

"Na meno, na mguu. Vyote vya Marjani. Hesabu mwenyewe."

Yule mwanamke mzee alizisukuma kuni ndani ya meko. Kisha akaanza kunong'ona, na maneno yalitoka kama mwiba unaotolewa kwa sindano.

"Nilikuwa kiti cha pepo mimi, ujanani. Kabla ya Nassir. Lilinipanda kichwani jini la kiume, likanila mimba mbili. Mganga mmoja wa Kinango, babake huyu Mramba wa sasa, ndiye aliyeliketisha. Likakubali kukaa kwa amani, kwa sharti kila mwaka nilifukizie buhuri yake, niliwekee halua, na kitambaa chake nikivae siku ya ngoma. Nilifanya. Halafu nikaingia kikundi cha akina mama cha dua, hawa wa Bi Maimuna. Nikaona haya. Kitambaa nikakitia chini ya sanduku. Nikaacha."

"Ukaacha bila kumuaga?"

"Jini unamuaga vipi, mwanangu? Unampikia biriani?" Alijifuta macho kwa kanga. "Likakaa kimya miaka yote. Nikasema limekufa. Marjani alipolala nikakumbuka lilivyokuwa na nguvu. Nikasema, kama liliweza kuua basi linaweza kuponya. Nikachoma buhuri yake. Nikamfunga kitambaa. Nikaliambia mchukue yeye, muinue, utakachotaka chukua katika nyumba hii."

"Ukasema hivyo. Katika nyumba hii."

"Nilijua litanichukua mimi," alisema Bi Warda. "Mimi nimekwisha. Nilijua litanichukua mimi."

"Wewe umekwisha, Mama. Umesema mwenyewe. Kwa nini likile kilichokwisha?"

Kesho yake Nassir hakuinuka. Alikuwa amejivuta mwenyewe kutoka kitandani mpaka sakafuni, akalaza shingo juu ya saruji, mbavu zinapanda na kushuka, na ukimwita alikuwa anajibu kwa pumzi ya puani tu. Mwanaima aliona amelala vile vile alivyolala Marjani, upande ule ule, akajua hapana tena cha kuchukuliwa isipokuwa roho. Hakumwomba ruhusa mavyaa wake. Alipanda bodaboda mpaka upande wa Kinango kumfuata Mramba.

Mramba alikuwa mtu mfupi, fulana ya mpira mgongoni, kazi yake ya mchana kuuza makaa. Uganga aliurithi kwa babake, na aliuchukia kama mtu anavyouchukia mguu wenye matende. Alipofika kwenye ule uwanja wa Kinondo hakuingia ndani kwanza. Alisimama mbali na banda, akamtazama Marjani, na Marjani, aliyekuwa akila, akaacha kula.

"Anajua nimekuja," alisema Mramba. "Shikamoo, Bi Warda."

"Marahaba, baba. Mwanangu ataishi?"

"Inategemea wewe. Aliyefunga ndiye afungue. Utamtoa huyu mnyama kwa mguu wako mpaka baharini, maji yakiwa yamejaa. Yakimfika kifuani utakifungua kitambaa, utakiachia kiende na maji, utageuka urudi. Mkono mwingine usikiguse. Mkono mwingine ukikikata au ukikifungua, atarudi kwa yule aliyekuwa akimla, na safari hiyo hatakula kidogo kidogo. Atahamia."

"Na Marjani?"

"Marjani alikufa siku ile alipolala. Mnachokilisha pumba ni kitu kingine."

Bi Warda hakulia. Alijitanda kanga yake vizuri, kama mtu anayekwenda kutoa pole kwa watu, akaishika hatamu.

Maji yalijaa mchana. Mramba alibaki na Nassir, amemkalia miguu. Mwanaima alimfuata mavyaa wake kwa nyuma, kisu cha jikoni amekichomeka kiunoni, maana chuma huogopwa na majini. Njia ya kwenda ufukweni ilikuwa tupu. Mbuzi wa jirani walikata kamba wakakimbia. Marjani alikwenda kwa madaha, shingo ameikunja, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, mzuri kuliko alivyopata kuwa hata enzi za mzungu, na kila baada ya muda aliligusa bega la Bi Warda kwa pua, taratibu, kama alivyokuwa akifanya zamani kuomba hamri.

"Mama, usimsikilize," alinong'ona Mwanaima.

"Nyamaza."

Waliingia majini. Yalipomfika Marjani magotini alianza kuchechemea. Yalipomfika tumboni lile jicho likafunga wingu, mdomo ukalegea, na vigingi vya manjano vikaonekana tena, na yule aliyesimama majini hakuwa tena farasi wa jana wala wa juzi bali ni kikongwe chao wenyewe, anatetemeka, hana nguvu ya kuinua kichwa, akatoa mlio mdogo wa kuita, mlio ambao Mwanaima aliusikia alfajiri zote za ndoa yake na hakuwahi kuujali hata siku moja, na ambao siku ile, jua likiwa katikati ya kichwa na bahari haina hata mtu mmoja, ulimpita mwilini kama baridi ya homa. Maji yakamfika kifuani. Bi Warda alikifungua kitambaa. Kilifunguka kirahisi.

"Kiachie sasa," alisema Mwanaima.

Bi Warda alikuwa amekishika juu ya maji. Upepo haukuwepo, nacho kilikuwa kinapepea.

"Mama, kiachie."

"Nenda kamkorogee Nassir uji," alisema Bi Warda. "Usitie sukari nyingi."

Akakizungusha kitambaa katika kifundo cha mkono wake, mara mbili, mara tatu, akaukaza mfundo kwa meno. Mkono wa pili akauweka shingoni mwa Marjani, akaendelea kwenda mbele.

Mwanaima alimwita. Alipiga hatua, maji kiunoni, akaona Marjani anainamisha kichwa baharini kama anayekunywa na hakuinua tena, akaona Bi Warda anajaribu kusimama na hawezi, kwa sababu mkono ule wenye kitambaa ulikuwa umetangulia, umenyooka kwenda chini, umevutwa kama unaovutwa na mtu aliyeko chini anayejua anachokitaka, bega likazama, kanga ikaelea peke yake, uso ukageuka mara moja ukamtazama, wala haukuomba kitu, na Mwanaima alikuwa na kisu mkononi, alikuwa amekwisha kukichomoa bila kujua, na kati yake na ule mkono hapakuwa na umbali wa mtu kushindwa, pigo moja tu, utambaa uliooza, lakini sauti ya Mramba ilikuwa sikioni mwake ikisema mkono mwingine, mkono mwingine, na nyumbani mume amelala sakafuni na shingo yake juu ya saruji. Hakukata. Na tuseme kweli, mguu wake haukuwa mzito kwa sababu ya Mramba peke yake.

Aliporudi alimkuta Nassir ameketi. Macho yote mawili meusi. Anakunywa maji kwa kikombe mwenyewe.

"Mama yuko wapi?"

Mwanaima alimwambia. Alimwambia yote, hata la kisu, kwa sababu hakuwa mtu wa kupamba.

"Ulikuwa karibu naye?"

"Nilikuwa karibu."

"Na hukumshika."

"Sikumshika. Ningemshika, ungekuwa wewe."

"Nani alikwambia unichagulie?" alisema Nassir. Alimgeuzia mgongo. Alikuwa Nassir mwenyewe, mwenye uchungu wake, na Mwanaima, pamoja na kuumia, alilishukuru lile teke la maneno, kwa kuwa lilikuwa la mumewe.

Jioni bahari iliwarudisha wote wawili, farasi na mwanamke, mahali pamoja. Farasi alizikwa pale pale mchangani na vijana wa Galu. Bi Warda aliletwa nyumbani, na asubuhi Bi Maimuna, yule wa kikundi cha dua, akaja na ndoo na sabuni na karafuu maiti kumkosha. Mwanaima aliingia naye chumbani kama mkaza mwana anavyopaswa. Wanaume uani, Mramba miongoni mwao, walikuwa wanasoma Yasini.

Bi Maimuna alifika kwenye mkono wa kulia akasimama.

"Hiki ni nini?"

"Kitambaa tu."

"Nakijua kitambaa cha namna hii." Alijaribu kuufungua mfundo. Ulikuwa umevimba kwa maji, umekaza kama jiwe. "Warda, mwenzangu, na dua zote zile. Haya. Kikate."

"Bibi, tukiache tu."

"Tukiache vipi? Maji ya kumkosha lazima yafike kwenye ngozi, Mwanaima, la sivyo hajakoshwa. Unataka nimpeleke mbele ya Mola wake na najisi ya pepo mkononi, na watu waione atakapovikwa sanda? Wembe huo hapo."

Mwanaima aliutazama wembe. Alimkumbuka Mramba. Lakini alijiambia kuwa Marjani amekwisha kufa, kwamba maji yamekwisha kuchukua kilicho chao, kwamba Nassir yuko nje na macho mawili anapokea pole za watu, na kwamba mtu hazikwi amefungwa kama mzigo. Akaupitisha wembe. Utambaa ulikatika bila sauti. Chini yake ngozi ilikuwa imekauka kabisa, kama mkono ule haukupata kuiona bahari.

Nje, wasomaji walisita kidogo. Kisha wakaendelea.

Siku ya hitma Mramba alikuja tena kutoa pole. Alikula na wanaume, halafu akazunguka nyuma ya nyumba, mahali Mwanaima alipokuwa anaosha masufuria.

"Nimekuja kumwomba radhi marehemu," alisema, ametulia. "Nilidhani ni mwoga. Nilimwambia aachie, hakuachia. Nimeuliza wazee wangu, wameniambia alifanya la babangu, ambalo mimi sikulijua. Kikiachiwa majini hurudi siku moja na maji. Yeye alijifunga nacho ili azikwe nacho. Huyo jini sasa yuko kaburini na mwenyewe, hatoki tena." Alimtazama. "Mbona umeacha kuosha?"

Mwanaima alikuwa ameshika sufuria, povu linamtiririka mpaka kiwikoni.

"Amezikwa nacho, sivyo?" alisema Mramba.

"Ilikuwa lazima maji yafike kwenye ngozi."

Mramba alirudi nyuma hatua moja. Alitazama upande wa uani, Nassir alikokuwa akiwasindikiza wageni kwa tabasamu na meno kamili kinywani.

"Nani alikata?"

"Mimi."

"Asubuhi ile tulipokuwa tunasoma," alisema Mramba polepole, "mumeo alicheka. Katikati ya Yasini. Tulidhani ni huzuni imempanda." Alikuwa anavaa viatu vyake bila kuinama. "Sikiliza, dada. Aliyefunga ndiye afungue, na aliyefunga umemzika. Usinifuate tena Kinango."

Akaenda zake, hakuaga mtu.

Wageni walipokwisha, Mwanaima alimtengea mumewe chakula cha mchana. Alitaka asikie lile neno la ukali tena. Alitaka amwambie, hukumshika, nani alikwambia unichagulie. Angelipokea kama zawadi. Nassir alinawa mikono, akaketi, akala kwa adabu tonge baada ya tonge, akausifu mchuzi, jambo ambalo katika ndoa yao hakuwahi kulifanya. Kisha aliinua macho yake mawili safi, akamtazama kuanzia utosini mpaka nyayoni na kumpanda tena.

"Nimekusamehe ya Mama," alisema kwa upole. "Na ahsante kwa wembe."

Chumbani walikuwa wanawake wawili na maiti. Mwanaima hakuwa amemwambia mtu habari za wembe isipokuwa yule aliyekwisha kuondoka, na Bi Maimuna habari za maiti hatoi.

Alimsogezea sahani. Akamwongezea wali.